Hewa kwa Bei ya Kwanza

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na mkwe wangu hajambo? Mjukuu wangu Filimbi je, kifua kinasemaje? Mimi mzima, ila macho yananiwasha. Mwoka mikate hapa jirani bado anachoma kuni mbichi, na mashuka niliyofua jana nimeyafua tena leo.

Umeandika kwamba mkwe wangu hatamleta mjukuu wangu likizo kwa sababu ya moshi. Sikukasirika. Nilivunja kikombe kimoja tu.

Sasa nikuchekeshe. Alikuja karani mmoja na fomu, akaniuliza: "Mama, uko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi upate hewa safi?" Kumbe hewa inauzwa! Unanijua, mimi bei sitaji kwanza. Nikamwambia ataje yeye. Akasema elfu kumi. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Akashuka: elfu tano? Nikamwambia hata bure siitaki, nikaondoka taratibu ili aniite. Hakuniita! Lakini atarudi tu. Nimewaambia majirani wote wakaze hivyo hivyo, tutaipata kwa mia mbili.

Mama yako

20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima. Filimbi alikohoa juzi, leo anaruka juu ya kitanda.

Mama, zile fomu zinaletwa mezani kwangu, ndiyo kazi yangu. Nimeiona yako. Dobi, mlango wa bluu. Kiasi: sifuri. Chini, kwenye maoni, karani ameandika: "Mhojiwa aliondoka polepole sana, akageuka nyuma mara tatu. Huenda anaumwa mguu." Nyumba thelathini zilizofuata, sifuri tupu. Mbili zimesema zinasubiri neno la dobi.

Hatukuwa tunauza kitu, Mama. Tulitaka kujua watu wanaithamini hewa kiasi gani. Mitaa iliyotaja chochote, hata mia, itajengewa mabomba marefu ya moshi na matanuri mapya. Mtaa wako umefutwa: "Wakazi hawahitaji hewa safi." Mkubwa wangu alilisoma hilo kikaoni, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Sasa Mama Filimbi nimwambie nini?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Na mguu hauniumi, mwambie huyo karani!

Yaani mtu anakuuliza bei na hana bidhaa? Ndiyo kazi gani hiyo? Irudishe fomu yangu. Andika elfu kumi. Andika ishirini, potelea mbali. Filimbi alikaa hapa siku nane tu, akiwa mchanga, kifua kikilia usiku kucha mpaka nikampa jina hilo. Tangu hapo miaka mitatu namjua kwa picha, na picha haikohoi wala haicheki. Roho inaniuma, mwanangu. Nilitaka kupunguziwa bei, nikajinyima mjukuu.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole. Nimeomba, nusura nipige magoti. Fomu zimefungwa hadi mwakani. Nakusihi usiende kugombana na mwoka mikate. Nakujua.

Mwanao

3 Juni

Mama,

Shikamoo. Karibu miezi miwili kimya. Kama uko polisi, sema tu, nije.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Siko polisi. Nilikuwa namshikia fundi ngazi.

Nilikwenda kweli kwa mwoka mikate. Mimi na yeye huvutana bei hata kwa mkate uliolala. Nikamuuliza bomba refu na tanuri jipya ni kiasi gani. Akataja bei ya kuruka, akasimama kifua mbele akingoja nianze. Nikasema, "Sawa."

Bwana wee! Alikaa juu ya gunia la unga. Akamwita mkewe, mkewe akanipapasa paji la uso. Akapunguza robo mwenyewe, kwa woga tu! Nikamwambia, "Bei ni ile uliyotaja. Pumzi ya mjukuu wangu siiombei punguzo."

Nikampa akiba ya mashine ya kufulia, ile ninayobishania na mwenye duka mwaka wa pili sasa. Haikufika nusu. Lakini kabla sijafika nyumbani mtaa mzima ulishajua: dobi amelipa bei ya kwanza! Fundi viatu akaja mlangoni, akasema, "Kama wewe hukuomba punguzo, basi kitu chenyewe ni cha maana." Wakachanga wote wale wa sifuri, hata bahili wa kona, ingawa alidai chenji.

Bomba limesimama, limepita mapaa yote. Wiki hii mashuka nimeyafua mara moja tu, kwa mikono hii hii. Mleteni.

Mama yako

27 Juni

Mama,

Shikamoo. Mama Filimbi amesoma barua yako mara mbili, kisha akatoa begi uvunguni. Wanafika Jumamosi. Nauli nimeshalipa, usibishane na dereva.

Sifuri yako sikuigusa, sheria ni sheria. Ila pale kwenye maoni nimeongeza: "Hakuwa anaumwa mguu."

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Walifika salama. Dereva nilimsalimia tu.

Leo mchana Filimbi alilala katikati ya mashuka yanayongoja pasi. Nikakaa kumsikiliza. Kimya. Kifua hakilii hata kidogo. Nikasikiliza mpaka hofu ikanishika, nikamtikisa. Akafumbua macho, akanifokea, "Bibi, si nimelala!" kwa pumzi moja, bila kikohozi. Nililia, sikufichi. Mkeo akaja mbio akidhani nimeungua na pasi.

Karani akirudi mwakani, mwambie aje moja kwa moja mlango wa bluu. Hewa sasa naijua bei yake. Lakini ataje yeye kwanza.

Bibi yake Filimbi