Kamera yangu ilipokelewa kama zawadi

Ombok, nimeaibika leo hapa Manga, na bado nacheka!

Si nilikataa lile begi la kamera dukani kwako nikasema litaita wezi? Nikaitia kamera kwenye mfuko wa sokoni, nikaifunika kwa sweta.

Nimefika harusini kupiga picha, mama mmoja mlangoni akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Asante sana, baba." Nikadhani ananisaidia kubeba. Kumbe anapokea zawadi! Ukaenda stoo ya jikoni pamoja na sukari na ndizi.

Mara bwana harusi huyo getini, na mimi mikono mitupu. Nikakimbia jikoni. Mkubwa wa wapishi, Mokeira, akaziba mlango: "Zawadi ikiingia hapa haitoki."

"Mama, ni kamera!"

"Kamera ndani ya mfuko wa kabeji? Kama wewe ni mpiga picha, tupige sisi kwanza."

Tupige sisi kwanza, Ombok! Akanipa kamera, lakini mkanda ameushika yeye. Nimewapiga wapishi wote na sufuria zao, bwana harusi akingoja nje amenuna.

Kesho nakuja Keroka. Niwekee begi kubwa, jeusi, ambalo hata kipofu atajua lina kamera.