Severina Kaambiwa Apunguze Ugali

Lea, nimechoka na wakwe wa mdogo wangu!

Leo kliniki nesi kampima Severina, kamwambia mtoto ni mkubwa, anaweza kufika kilo nne na nusu, kwa hiyo akajifungulie hospitali Singida mjini.

Kufika nyumbani, mama mkwe anasema, "Kosa lake mwenyewe. Apunguze ugali, atajifungulia hapahapa Shelui."

Apunguze ugali! Mimba ya miezi tisa, Lea!

Na mumewe Calist kakaa pale, anaendelea kula.

Severina unamjua alivyo mwoga. Hata kabla ya kliniki, wiki nzima alikuwa halali, anawaza mtoto akikwama itakuwaje.

Leo kamaliza sahani yote ya ugali mbele yao, kanawa, kasema, "Mama, nisamehe, naenda Singida. Calist, beba begi."

Kabeba. Basi lao limeshaondoka.