Kisanduku cha Marehemu Eufemia

Los Membrillos, 4 Machi

Shangazi Ofelia mpendwa,

Shikamoo, na baraka zako naziomba. Hujambo huko Albuquerque? Magoti yako je? Huku theluji imebaki upande wa kivulini tu, mbuzi wazima, mimi mzima. Babu ndiye sijui nimhesabu upande gani.

Nakuandikia kwa kompyuta ya maktaba ya shule kwa sababu kwenye simu nashindwa. Unanijua: mtu akisema "haloo", maneno yote yananikimbia, ya nyumbani na ya shuleni pia.

Ni ile dawa yake ya kuzuia damu isigande. Tangu duka la dawa la bondeni lifungwe, bima inataka iletwe kwa posta. Ya safari hii haijafika. Lakini kampuni ya dawa inasema imefika, imeshatiwa kwenye kisanduku chetu cha barua. Posta wanasema muulizeni aliyetuma. Aliyetuma anasema waulizeni posta.

Babu hana wasiwasi hata kidogo. Vidonge vilivyobaki anavikata katikati kwa kisu cha jibini. "Nusu inajua kazi yake kama nzima," anasema. Nikimwambia sivyo, ananijibu, "Haya daktari, umehitimu lini?"

Je, kuna sheria ya mambo haya? Mwenye kosa ni nani? Mimi kichwa kimevurugika.

Mtoto wa kaka yako,
Veva

*

Albuquerque, 5 Machi

Veva mwanangu,

Marahaba, na baraka zote. Mimi sijambo, magoti ni magoti. Nimefurahi umeniandikia, sikufurahia ulichoandika.

Kwanza, kisu kirudi kwenye jibini. Dawa hiyo haikatwi ovyo. Mpigieni daktari aagize vidonge vichache mkachukue duka la mjini wakati mnasubiri. Hiyo si sheria, hiyo ni roho ya mtu.

Sasa sheria. Nimemuuliza wakili ninayemchapia barua. Kumtafutia baba yangu kifurushi ni kazi ya kampuni, si yake. Aseme kwa maandishi kwamba hajaipata, watume nyingine. Wakigoma, tunawalalamikia kwenye bodi ya famasia ya jimbo. Posta nao wana ombi la kutafuta kifurushi kilichopotea. Mahakama ya madai madogo ipo, lakini ile ni ya kulipwa hasara, na mimi sitaki baba yangu awe hasara kwanza. Na kama yupo aliyekichukua akijua si chake, hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya serikali kuu. Lina jela.

Piga simu. Usiniandikie kwamba umeona haya.

Shangazi yako,
Ofelia

*

Los Membrillos, 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Sisi tupo, ila usinigombeze kabla hujamaliza kusoma.

Kampuni nimeipigia. "Wewe ndiye Epifanio?" "Mimi mjukuu wake." "Una miaka mingapi?" "Kumi na sita." "Mpe mwenyewe." Nikampa. Wakamtafutia mkalimani wa Kihispania, na Babu akaanza kumuuliza huyo mama kwao wapi, na kama ana undugu na wale akina Lucero wenye mashine ya kupasulia mbao. Hana. Babu akasikitika naye vizuri tu.

Halafu wakasema watatuma dawa nyingine akisaini kwamba ya kwanza imeibwa.

"Imeibwa na nani?"

"Hatujui, bwana. Wewe saini tu."

"Bibi, visanduku vyote pale njia panda ni vya watu ninaokula nao. Nisaini kwamba ni wezi?"

Babu akakata simu. Ndipo akaniambia kwa nini hana wasiwasi: anajua dawa ilipo.

Unakumbuka kisanduku cha Mama Eufemia, kinachopakana na chetu? Tangu afe mwezi wa Novemba kimefungwa utepe mweusi. Mpeleka barua ni mgeni, anatia vitu popote. Mlango wa kisanduku haufungi sawasawa, na kona ya kifurushi cheupe inaonekana. Kijiji kizima kinaiona. Hakuna anayegusa, maana nyumba ya msiba haifunguliwi kitu chake mpaka mwaka uishe au mtoto wake aje. "Mwanawe Nazario atakuja kutoka Denver Pasaka," anasema Babu. "Dawa haina miguu."

Shangazi, jana nilisimama pale mpaka nikavua glavu. Ningeingiza mkono ningekuwa nimeiba, au nimechukua chetu? Na nisipoingiza, nikimwacha Babu na nusu zake, hilo ni kosa la nani? Sielewi kitu.

Daktari nilimpigia. Karani akasema "haloo" nikakata. Samahani.

Veva wako

*

Albuquerque, 11 Machi

Veva,

Salamu baadaye. Vaa glavu. Kitu kinaweza kuwa chenu, lakini kisanduku si chenu. Ila aliyekosea kukitia anaweza kukitoa: msubiri mpeleka barua, umwambie.

Na fomu. Sheria haihitaji mwizi. Baba aandike "sikupokea", basi. Hakuna jirani anayetukanwa hapo.

Daktari ni leo. Karani akisema haloo, sema jina la Babu tu. Mengine atakuuliza yeye.

Shangazi

*

Albuquerque, 14 Machi

Veva mwanangu,

Hujambo? Mnaendeleaje? Simu ya nyumbani inaita tangu jana, haipokelewi. Usiponijibu, Jumamosi niko njiani.

Shangazi yako

*

Los Membrillos, 15 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Babu yupo hai, naanza na hilo.

Juzi asubuhi kijiko kilimtoka mkononi, ulimi ukawa mzito. Jirani yetu Liborio alitupeleka mjini bila hata kufunga viatu. Hospitali wanasema ni kiharusi cha kupita, onyo; kilipita kabla ya adhuhuri. Wamemlaza usiku mmoja, wakampa vidonge vizima, wakatugombeza wote wawili, yeye kwa nusu zake, mimi kwa simu niliyokata.

Jana tukirudi tulimkuta mpeleka barua njia panda. Nilishuka kwenye gari. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Alifungua kile kisanduku, akavuta kifurushi cheupe. Kisha kingine. Kisha kingine. Vyote vina jina la Mama Eufemia. Cha Babu hakimo. Hakikuwahi kuwamo.

Ni dawa ileile, Shangazi. Ndiyo aliyokuwa akimeza na yeye. Hakuna aliyeiambia kampuni kwamba amefariki, kwa hiyo wanamtumia tu. Mpeleka barua akasema havina budi kurudishwa, akavitia garini. Nilivitazama vikiondoka mpaka macho yakauma. Cha Babu kilikwenda wapi, mpaka sasa hakuna ajuaye.

Babu alikuwa ameyaona yote kwenye dirisha la gari. Akasema, "Marehemu analetewa. Mimi niliye hai naambiwa nimeshapokea." Liborio akacheka. Babu naye akaanza kucheka, akaacha.

Jioni alisaini: sikupokea. Malalamiko kwa bodi nimeyaandika mimi, yeye akanisahihisha hasira tu, akaiongeza. Nikafikiri tumemaliza.

"Bado simu moja," akasema.

"Ya nani?"

"Ya Eufemia. Alivichukia vile vidonge miaka yote. Waambie wamwache apumzike."

Akanisukumia simu. Nikapiga mwenyewe. Nikasema amekufa, kwa Kiingereza, nikaanza kulia kama mjinga, ilhali miezi hii yote nilichokuwa nikikiona chake ni ile kona tu ya kifurushi. Wakaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Jirani."

Wakaniambia nisubiri. Nikasubiri kwenye simu, Shangazi, mpaka wakaandika kwamba amefariki.

Mtoto wa kaka yako,
Veva