Usimsubiri Mjomba Anselmi

Bagara,
Babati.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Theophil,

Pokea salamu za huku nyumbani. Shikamoo yako niliipata kupitia kwa mdogo wetu Edda, marahaba. Je, kile kikohozi cha vumbi la Kahama kimekuacha? Sisi tunaendelea, ila mama yangu mgongo unamsumbua. Akiinama kuwasha moto, kunyanyuka ni shughuli. Mvua zinanyesha vizuri na mahindi yamefika magotini.

Edda ameniambia kuwa tangu umalize chuo cha umeme hujaomba kazi popote, kwa sababu Mjomba Anselmi amekuahidi nafasi. Ndiyo maana nakuandikia. Haya maneno kwenye simu yangenishinda, ningelia au ningetukana.

Nilipomaliza stashahada ya kilimo, mjomba huyo huyo, kaka wa mama zetu, alikuja hapa nyumbani, akanywa chai, akasema, "Careen, wewe tulia. Nimeshaongea na meneja wa ghala la mbaazi. Ukianza kuzunguka na bahasha utaniaibisha."

Nikatulia. Tangazo la kampuni ya mbegu likapita. Kazi ya muda kule Mutuka ikapita. Wenzangu wakaenda, mimi nikabaki kuchaji simu nikiisubiri ilie.

Mama naye, kwa shukrani, akawa anakwenda kumlimia mjomba shamba lake la Nakwa. Alilima, akapanda, akapalilia, msimu ule na uliofuata. Mjomba hakumwomba. Lakini hata siku moja hakumwambia apumzike.

Mwishowe nilichoka, nikaenda ghalani mwenyewe. Meneja, Bwana Marseli, alinipokea vizuri tu. Nilipomtaja mjomba alifikiri kidogo.

"Anselmi namfahamu, hutuuzia mbaazi," akasema. "Ila jina lako ndiyo kwanza nalisikia leo."

Akanionyesha binti aliyekuwa anapima magunia. Tangazo la nafasi ile lilibandikwa pale getini muda mrefu. Binti yule alikuwa anapita njia, akalisoma, akaomba, akapata.

Nilirudi nikamkuta mama anachambua maharage. Nikamweleza yote. Akasema, "Usimwambie mtu. Ni kaka yangu." Mpaka leo sijui ni kipi kiliniuma zaidi.

Basi nisikilize mimi. Kazi haitakufuata chumbani. Nenda kwa wakandarasi, kwenye viwanda, mahoteli, popote wanapohitaji fundi umeme, uliza anayehusika na ajira, umweleze kwa kifupi unachoweza kufanya. Barua yangu ya kwanza niliitoa nakala nikaisambaza mji mzima. Hakuna aliyejibu, na sikuwalaumu. Kila mahali paandikie barua yake, na utaje kazi ulizozifanya kwa mikono yako wakati wa mafunzo. Wadhamini waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao. Wangu mmoja alipigiwa simu akasema hanikumbuki. Ukiitwa kwenye usaili, jua kwanza pale wanafanya nini. Wakikaa kimya, rudi uulize kwa adabu. Na mtu akikuahidi, mshukuru, halafu endelea kutafuta siku hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyopata kazi hapa kwenye duka la pembejeo la Mama Rama. Mshahara ni mdogo na kazi si ile hasa niliyosomea, lakini niliingia kwa miguu yangu. Mjomba anawaambia watu kanisani kwamba yeye ndiye aliyeniweka. Tukikutana namwamkia, naye anaitikia marahaba bila haya.

Nisalimie Amos, huyo rafiki anayekuhifadhi. Mama na Edda wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila mlango utakaoubisha, na akupe moyo wa kubisha unaofuata.

Mama yako naye hajambo. Jana alfajiri nilimwona anapita na jembe begani kuelekea Nakwa. Nikamuuliza anakwenda wapi, akacheka. "Namsaidia kaka palizi. Si unajua anamtafutia Theophil kazi?"

Mpigie mama yako leo.

Dada yako anayekupenda,
Careen