Mkono wa Gauni wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Programu ya ushonaji imefunguka hapa dukani, baada ya kunitoa jasho asubuhi nzima. Ni ya bure. Unaingiza vipimo vya mteja, inakuchorea karatasi ya kukatia, unachapa. Imetengenezwa na watu wa huko na huko wasiojuana, wanagawana tu. Shangazi kauliza, sasa hao wanakula nini?

Mpiga pasi wetu anasema siku hizi tutashona kwa kubonyeza. Abonyeze pasi yake.

Jumatano, 5 Machi

Gauni zote za kawaida zimeingia kwenye kompyuta. Umebaki mkono wa Shangazi — ule mkono wa gauni usiovuta kwapani hata ukinyoosha kitu juu ya kabati. Nusu ya wateja wetu wanaufuata huo tu. Wanafunzi wamepita hapa, wakajua kila kitu, wakaondoka bila huo. Hata mimi, akifika hapo ananigeuzia mgongo.

Lakini macho yake yamechoka. Wiki iliyopita kakata bega moja mara mbili. Leo tulipofunga mlango akaniita. "Lete hiyo kompyuta yako. Nikisema, wewe andika. Na isitoke humu ndani."

Nimeapa. Kompyuta nimeiwasha kabla hajavuta kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Mkono umetoka sawasawa! Shangazi kapapasa mshono wote kwa vidole, akasema "haya." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Kazi zote nimezihifadhi kwenye tovuti ya hao hao wenye programu, kompyuta ikifa tusife nayo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeharibu.

Kuna ujumbe kule kwenye tovuti, mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali. Anashukuru kwa mkono wa gauni. Kumbe ukihifadhi kule, kila kitu kinakaa wazi kwa watu wote mpaka uende mwenyewe ukakifunge. Si ndivyo wanavyogawana? Na niliandika mwenyewe Jumatatu! Watu chungu nzima wameshauchukua. Nimefunga, lakini uliotoka umetoka.

Sijamwambia.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia, kabla mpiga pasi hajafika. Shangazi kaweka mkasi chini taratibu. Kachukua mkoba wake, kaenda nyumbani.

Mteja kaja kujaribu gauni, nimesema Shangazi ana mafua. Mpiga pasi, mtu wa mzaha kwa kila jambo, leo kapiga pasi tu.

Alhamisi, 13 Machi

Hajaja. Simu inaita tu. Mkasi wake uko pale pale, sijaugusa. Naogopa amestaafu na mimi ndiye niliyemstaafisha.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja saa nne. Nimemwamkia, kaitikia kwa kichwa. Hajakaa hata.

"Huyo mtu wako kasema nini hasa?"

Nikamsomea. Anamshonea mama yake. Mama alifanyiwa upasuaji wa kifua, mkono mmoja hauinuki vizuri, gauni zote zinambana. Akauchukua mkono wetu, akaongeza upana wa vidole viwili chini ya kwapa, akapunguza kidogo begani. Mchoro ameutuma. Anataka kuuweka wazi kwa wengine wenye shida hiyo, ila hataweka bila ruhusa ya mwenyewe. Na anauliza aandike ni kazi ya nani.

"Nichapie."

Nimechapa. Kautandaza mezani, pua inakaribia kugusa karatasi.

"Kakosea huyu."

Kapima kwapa kwa vidole. Kapima tena.

"Hapana. Hajakosea."

Kavuta kipande cha kitambaa cha majaribio, kachukua chaki, kaanza kukata. Nilikuwa mbele yake, na hakunigeuzia mgongo. Nimeona kila kitu, mpaka anavyokunja kidole gumba. Machozi yamenilenga, nimejifanya natafuta pini.

Nikauliza, nimjibu ndiyo au hapana? Hakuinua kichwa.

"Muulize kwanza. Huyo mama sasa anainua mkono mpaka wapi?"

Nimeuliza. Bado hajajibu. Saa ya kula imefika na kupita, mpiga pasi katuita mara mbili. Shangazi kagoma kuondoka, kavuta kiti kwenye kompyuta, kakaa.