Chupa ya Peremende Dirishani kwa Mama

S.L.P. 14,
Kasulu.
9 Novemba 1973

Mpendwa dada Shamsia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Pangani ukiwa mzima, na lile goti limeacha ukorofi wake. Sisi tu wazima. Mvua zimeanza, matope yamefika kizingitini, na mke wangu Mwatumu anakusalimu sana. Natanguliza salamu zake kabisa, maana nikizisahau sitapewa chakula.

Uliniuliza hali ya Mama, na kama uje Desemba umchukue. Nilichelewa kujibu kwa sababu niliogopa. Tangu marehemu Baba atutoke, Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, uji anauonja tu, mgeni akija haulizi ni nani. Niliona wazi kwamba tutampoteza na yeye.

Sasa sikia maajabu. Mpangaji wetu, mwalimu Cleophas wa Bukoba, aliniomba ile chupa kubwa ya peremende ya dukani kwetu. Akatia tope la mtoni, juu yake mchanga aliouosha, akapanda majani ya majini aliyoyatoa kijitoni kule Makere, akajaza maji polepole na kuiweka dirishani karibu na kitanda cha Mama. Nilimcheka, nikamuuliza mboga hiyo itaiva lini. Maji yalichafuka, kisha yakatulia yenyewe mpaka yakang'aa, ndipo akatia visamaki vichache vya kijito hicho hicho. Akatukataza kubadilisha maji. Alisema majani yanawapa samaki pumzi, na uchafu wa samaki unayalisha majani. Kazi yetu ni kuongezea maji yanapopungua, basi.

Jua likiingia, majani yanatoa viputo vinavyopanda juu kimoja kimoja kama tasbihi. Mama aligeuka kuvitazama. Dada, hajaurudia ukuta mpaka leo.

Halafu tukapata mtihani. Kikundi chetu cha Mtu ni Afya kinapita kila nyumba kumwaga maji yaliyotuama, yasizalishe mbu. Mwenyekiti wetu, mzee Ndayiragije, alimwamkia Mama "mwakeye" kwa adabu zote, kisha akaniambia chupa imwagwe. Nami ndimi niliyepiga kelele kuliko wote mkutanoni kwamba maji yote yamwagwe! Nilikuwa nimeshaishika mikononi Mama alipojiinua kwa kiwiko.

"Mzee Ndayiragije, kachote viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la huyu mwanangu Saidi huko nyuma, uvitie humu. Vikisalia, mwaga."

Havikusalia. Mzee alichuchumaa mbele ya chupa, kisha akauliza majani yale yanapatikana wapi. Kilichomwagwa siku hiyo ni pipa langu, mbele ya majirani.

Jana asubuhi Mama aliniita. Katikati ya majani kulikuwa na vitu vyembamba kuliko sindano, vina macho, vinaogelea. Hakuna mkono uliovitia. Subhanallah, dada, nilisimama pale machozi yananitoka kama mtoto, katika chumba ambacho nilikuwa nikingojea kifo.

Nisalimie shemeji Gharibu, bibi Tunu na wanao wote. Mola awalinde, atukutanishe tukiwa na afya na furaha.

Nilimsomea Mama barua yako. Amesema nikujibu hivi, neno kwa neno: "Aje kunitazama, asije kunichukua. Mwambie nina wachanga ndani."

Wako akupendaye,
Saidi