Baba Uliyemsimamisha Ukumbini

Mjukuu wangu Hadija,

Shikamoo yako aliyoniletea dereva wa lori la ufuta nimeipokea. Marahaba. Upole wangu unaishia hapo. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi hizihizi za kisomo cha watu wazima ulizokuwa ukizicheka, na bahasha yake sitaitia gundi. Dereva akitaka kuisoma, aisome. Wenzako wa chama wakitaka uwasomee kwenye kikao, wasomee. Ulichotutenda ulikitenda mbele ya watu, na jibu lake lipite mbele ya watu.

Umeniandikia kwamba mavuno yakiisha utakuja Mitole na viongozi wenzio wapya wa chama chenu cha takwimu za afya, mtambulishwe nyumbani kama mlivyotambulishwa Lindi. Mimi nifagie uwanja, niazime majamvi msikitini. Selemani atafute mbuzi. Halafu mwisho kabisa wa karatasi, kwa maandishi madogo, kama mtu anayepitisha kitu chini ya kanga: "Bibi, mwenyeji wa siku hiyo atakuwa baba."

Bakari! Bakari awe mwenyeji Mitole! Huyo hata choo chetu kiko upande gani hakijui.

Dereva, kama umefika hapa, ngoja nikueleze usije ukapotea. Bakari ni mwanaume aliyemwoa binti yangu Asha, akamwacha na mimba, akaenda Dar es Salaam kutafuta sukari na sabuni wakati ule vitu vilipokuwa havionekani madukani. Hiyo sukari anaitafuta mpaka leo. Selemani ni mwanangu, kaka yake Asha, mjomba wake Hadija. Haya, endelea.

Wewe, Hadija, mama yako alifariki ukiwa unatambaa. Humkumbuki, na sikulaumu. Lakini mgongo uliokubeba unaukumbuka, usinidanganye. Selemani alikuwa kijana wa kuoa. Akachukua kanga ya marehemu dada yake, akakufunga mgongoni, akaenda nawe kulima. Wanaume wenzake wakamzomea njiani: "Selemani kazaa! Selemani, unanyonyesha?" Akawajibu hivi, na wewe ulilijua jibu lile kwa moyo, ukiniomba nikusimulie kila tulipomenya mihogo: "Nimezaa, tena uchungu sikuusikia. Nyie mmezaa nini?" Ulikuwa ukicheka mpaka unajilaza chini kwenye maganda.

Na siku ya kukuandikisha shule unaikumbuka? Tulikwenda watatu. Wewe umevaa gauni nililolipunguza kutoka la kwangu, lina maua makubwa kama mapazia. Mwalimu akauliza jina la baba. Ukanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha, maana jina la yule mtu nilikuwa sitaki liingie hata kwenye daftari la kuku. Selemani akasema:

"Andika Selemani."

"Wewe ndiye baba yake?"

"Mwalimu, wewe andika."

Mwalimu akaandika. Kurudi nyumbani ulitangulia mbio, na kila nyumba tuliyoipita ulisimama mlangoni ukapiga kelele: "Mimi naitwa Hadija Selemani! Hadija Selemani!" Hata kwa yule bibi kiziwi uliingia ndani ukamshika shavu ukamwambia. Mjomba wako alikuwa nyuma yako amejiinamia, na mimi nilijua anatabasamu ingawa alikuwa hataki nimwone.

Jina hilo ndilo limekaa kwenye vyeti vyako vyote, hadi hicho cha udokta.

Sasa tuje Lindi. Na kwanza niwaseme hao wakubwa wenzako, maana nimewaweka moyoni muda mrefu na wananichoma.

Nilidhani nakwenda kuona watu. Nikaona tai za shingoni. Katibu wenu, yule mrefu, sifa zake zilisomwa na msema chochote, yule mshereheshaji wenu, mpaka feni ikachoka: kasoma huku, akasoma kule, akaandika hiki, akaenda ng'ambo akarudi, akaenda tena. Yeye kainamisha kichwa kama bi harusi, anajifanya anaona haya, na kila sifa ikirukwa ananyanyua jicho. Mweka hazina, yule mama wa manukato, alisimama akasema, "Mimi ni mtu wa watu." Hajakaa sawasawa, akaagiza mlango ufungwe kwa sababu wapiga ngoma waliokuwa nje wanaleta vumbi. Wale waliokuja kumchezea yeye! Wote watatu mmepita bila kupingwa, kisha mkapigiwa makofi kana kwamba mmetoka kupigana na simba. Wewe na mimi tulikuwa tukiwaigiza watu wa namna hiyo. Diwani akija kijijini na kitambi chake, akiondoka tu, wewe unajitia mto tumboni, unapanda juu ya kinu: "Ndugu wananchi!" Siku ile ukumbini mimi nilikuwa nangoja unikonyeze. Hukunikonyeza. Ulikuwa umeshaingia ndani ya mto.

Kazi yenu siidharau, usinigeuzie maneno. Ulinieleza mwenyewe ukiwa likizo, umekaa pembeni yangu natwanga mtama. Ulisema dawa mpya ikija, wengine hupewa na wengine hawapewi, kisha nyie mnaangalia nani kapona kwa dawa na nani angepona tu hata asingepewa. Nikasema, mwanangu, hiyo ndiyo kazi, maana duniani kuna vitu vingi vinavyosifiwa kwa uponyaji ambao havikuufanya. Nilikwenda kisimani nikiwa nimevimba kichwa, nikawaeleza wanawake wote mjukuu wangu anafanya nini. Basi hesabu hiyo ijaribu nyumbani kwako. Asingekuwepo Bakari, ungekuwa nani leo? Ungekuwa wewe huyohuyo. Asingekuwepo Selemani? Jibu ukae nalo mwenyewe.

Wewe ndiye uliyemwambia Selemani, kwa kinywa chako, alipokuja kukuona mkutano ulipokaribia: "Wakiita mzazi wangu, mjomba, utasimama wewe." Akanunua koti la mtumba. Njia nzima, juu ya magunia, mtu mzima yule ananisumbua.

"Mama, nikisimama niseme neno?"

"Usiseme. Simama, punga mkono, kaa."

"Nipunge mkono upi?"

"Selemani, Mungu kakupa mikono mingapi?"

"Nisije nikaonekana mshamba, mama. Nitamwaibisha mtoto."

Alikuwa anaogopa yeye asikuaibishe wewe!

Tukafika. Viti vya mbele vina karatasi za majina, letu halimo. Tukakaa benchi la nyuma karibu na mlango, tukasema haidhuru, mtu akisimama anaonekana popote alipo. Msema chochote akakuita: "Mwenyekiti wetu mpya, Dokta Hadija Selemani!" Makofi. Vigelegele nilipiga mimi, hukuvisikia? Kisha akasema, "Tunamwomba baba yake asimame, tumwone aliyetuletea lulu hii."

Selemani akanyanyuka. Hajafika juu, magoti bado yamekunjika, na kule mbele, kando ya makreti ya soda, akasimama mwanaume mwenye suti. Nikamjua kwa masikio yake yale. Anapunga mikono yote miwili. Msema chochote akasoma karatasi yake: "Bwana Bakari, mfanyabiashara maarufu wa Kariakoo, ambaye pia ndiye mfadhili wa vinywaji vyetu leo!" Halafu, maana mchekeshaji hakosi la kusema, akakugeukia: "Sasa Mwenyekiti, huyu Selemani kwenye jina lako ametokea wapi?"

Ukumbi ukacheka. Ukachukua kipaza sauti. Nikasema moyoni, haya, sasa mtoto wangu atasema.

Ukasema: "Aa, Selemani ni jina la ukoo tu."

Tu!

Mjomba wako alikuwa bado kainama pale kati, si wa kusimama si wa kukaa. Watu wa benchi letu wanamtazama. Basi akajipinda, akashuka chini taratibu, akaanza kufunga kamba za viatu. Hadija, viatu alivyovaa siku ile havikuwa na kamba.

Nje, Bakari alinifuata. "Shikamoo mama mkwe." Nikamwangalia soli mpaka kofia. "Mama, ya zamani tusameheane. Siku hizi mambo yamefunguka, kila kitu ruksa, tumejitafuta tumejipata." Nikamwuliza, "Na duka la watoto umelifungua lini, Bakari? Maana nimeona umekuja kuchukua mzigo usioulipia hata ubebaji." Akacheka. Wanaume wa aina yake wakitukanwa hucheka, ndiyo maana wanatajirika. Wewe ulikuwa unapigwa picha. Ulituona, ukapunga mkono kwa mbali, kama mtu anayeaga basi.

Kurudi, tumeshafika Nangurukuru, tunakaribia nyumbani, ndipo Selemani akafungua kinywa: "Soda ilikuwa ya baridi." Hilo ndilo neno lake la safari nzima.

Uliniandikia Bakari amebadilika. Na abadilike, mimi sina ugomvi na mtu kubadilika. Uliandika pia, na hapo ndipo nilipokudharau kabisa, kwamba mtu wa nafasi yako hawezi kuonekana hana baba. Kumbe ulikuwa unaona haya! Miaka yote ile tuliyokulisha, tulikuwa tunalisha mtu anayejiona hana. Chama chenu kinatambulisha watu kwa suti na kwa makreti, na wewe uliyekulia mapajani mwangu umeingia humo bila hata kukohoa. Nilidhani nimelea mtu mwenye kichwa. Nimelea kichwa cha kusomea tu.

Jana nilimwambia Selemani asitafute mbuzi. Akanijibu ameshampata, anamlipia kwa kumlimia shamba mwenye mbuzi.

"Utamchinjia Bakari mbuzi, wewe?"

"Namchinjia Hadija."

"Na akikuita tena jina la ukoo?"

"Mama, ni mtoto."

"Mtoto! Mwenyekiti mzima!"

"Mama," akasema, "niache nifunge mbuzi, atakula mihogo ya watu."

Ndivyo alivyo, unamjua. Kama ungekuwa umemkosea mtu mwenye kelele, mimi ningekaa kimya. Umemkosea mtu ambaye hatakwambia mpaka afe, kwa hiyo nakwambia mimi.

Na usidhani nakukataza kuja. Nyumba ni yako. Majamvi nitaazima, uwanja nitafagia mwenyewe na mgongo huuhuu. Bakari naye aje, ashuke garini na suti yake, hatafukuzwa na mtu. Sitamsema mbele ya wageni wako, neno langu ni hili. Lakini unazijua taratibu za hapa. Mgeni wa heshima haketi jamvini kabla hajapelekwa makaburini kuwasomea fatiha waliotangulia. Wakishuka tu, nitawaambia wakubwa wako wote: karibuni, tuanzie kwa Asha, mama yake Mwenyekiti. Kaburi la Asha halina saruji wala maandishi. Njia yake imemezwa na nyasi, mimi magoti yangu hayafiki tena, na wewe toka uende masomoni hujalizuru. Hapa duniani amebaki mtu mmoja anayelijua, ambaye kila Ramadhani ikikaribia hubeba jembe akaenda kulipalilia.

Nitakapokwisha kusema hivyo nitanyamaza. Selemani nimemwapisha naye anyamaze, asijipeleke mbele kwa huruma zake. Katibu na tai yake, mama wa manukato, Bakari, kijiji kizima, wote watakugeukia wewe kusikia nani atangulie. Mwite umtakaye. Ila ukimwita, useme ni nani kwako, kwa sauti ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa.

Hasira zangu umezipata zote, sikubakisha. Nakuaga, mwanangu. Mungu akufikishe salama.

Mimi bibi yako, mzaa mama yako,
Mitole, Kilwa.